Jinsi Kinyozi Alivyonyanyua Kibendera Mbele ya Mama Mkwe

Sogeeni, enyi wapenda mpira na wapenda umbeya, mtulize ndimi, maana nanena habari za Kinyozi, simba wa mkasi, mlinzi wa mstari wa pembeni, aliyeinua kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mpini wa ufagio, na majeshi mawili yakaduwaa.

Fahamuni kwanza sheria ya uwanja wetu. Refa hutoka mbali, lakini washika vibendera hutolewa na timu zenyewe, kila timu wake; wetu alikuwa Kinyozi. Na kila mmoja, tangu enzi na enzi, huiba kwa faida ya upande wake bila haya, hivyo wizi hulingana na haki hupatikana.

Basi mke wa Kinyozi alikuwa amerudi kwao. Hakupigwa, hakunyimwa, alichoka. "Mama, yule mwanamume hana uamuzi," alisema. "Ukimuuliza tufungue dirisha au tufunge, anajibu, vyovyote utakavyo." Jioni ile, baada ya mechi, Kinyozi alikuwa aende kumwomba mama mkwe amrudishie mke. Na mshambuliaji wetu, Radi mwenye mbio, alikuwa nani kama si kitinda mimba wa mama mkwe huyo huyo? Mama na binti walikuwa wamesimama palepale pembeni. Masikini Kinyozi.

Hata dakika za nyongeza zikawadia, bila kwa bila. Radi akapokea pasi akiwa ameotea, tena si kuotea kwa kubishania. Kati yake na beki wa mwisho mkokoteni ungepita. Akafunga. Uwanja ukalipuka, refa akageuka kumtazama Kinyozi, na Kinyozi akanyanyua kibendera.

Mama mkwe akaja, kwa mwendo wa jemadari. "Mkwe wangu," akanena, "yule ni shemeji yako. Na jioni una shida kwangu. Shusha hicho kitambaa, baba, mkono utakuuma."

"Mama, heshima yako iko palepale," akajibu Kinyozi, "na shida yangu naijua. Lakini shemeji ameotea. Ameotea mno, mama."

Filimbi ikalia, goli likafutwa. Mashabiki wetu wakaapa kufuga nywele hadi visiginoni kuliko kukalia kiti chake.

"Basi jioni usije," akasema mama mkwe.

"Aje ya nini tena?" akadakia binti yake. "Naondoka naye sasa hivi. Miaka yote hiyo, leo ndiyo nimemwona akishika neno lake." Akamgeukia mumewe. "Twende zetu nyumbani."

Kinyozi, macho hayabanduki uwanjani, akasema, "Subiri kwanza, mke wangu. Mpira haujaisha."

Na ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa kwamba mechi ile iliisha bila kwa bila, na kwamba mwanamke yule alisimama juani akasubiri, akicheka peke yake.