Boksi Langu na Kaunta Buku ya Makokha

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa kikundi leo. Chai haikuwa na maziwa. Nikajua kuna jambo.

Mwenyekiti wetu Mama Ayuma amesema kumbukumbu za kikundi zitaingizwa kwenye kompyuta. Kikundi chetu ni cha majirani wa nyumba za K hapa mtaa wa Umoja, na kazi yake ni moja: jirani akifiwa, tujue anakaa nyumba gani, nani apigiwe simu, kwao ni wapi, twende tukakae naye. Kwa hiyo lazima mtu aandike habari za kila mwanachama. Mtu huyo ni mimi, Kimeu, tangu 2014. Bahasha sitini na sita za kaki, ndani ya boksi la sabuni, chini ya kitanda.

Shida ni kwamba Makokha wa K8 pia anaandika. Mwaka ule hakuna aliyetaka kuchagua kati ya Mkamba na Mluhya, tukawekwa makatibu wawili. Yeye ana kaunta buku, daftari nene la jalada gumu, mistari ya rula, wino wa bluu na mwekundu. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha makopo huko Baba Dogo miaka ishirini na minane, na kwake binadamu ni kopo tu, lazima awe na namba.

Mama Ayuma amesema kompyuta haiwezi kulishwa na mikono miwili. Jumapili wanachama watachagua katibu mmoja.

Mmoja! Nikipokonywa boksi mimi ni nani? Mzee wa kuketi mlangoni kuhesabu paka. Leo kutoka dukani hadi kwangu watu saba wamesimama kunisalimia. Hawasalimii uso huu. Wanasalimia boksi.

Mke wangu Mbithe amesema labda ni wakati wa kupumzika.

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu Mutheu yuko nyumbani wiki hii, kwake wanatengeneza paa. Kazi yake ni hizo kompyuta. Nikamwambia anieleze zinavyoweka kumbukumbu, na anieleze kama anavyomweleza mtu aliyeishia darasa la nne. Akasema huyo ndiye anayemtazama.

Ana mdomo. Wa mama yake.

Akachukua maharagwe na bakuli, akaeleza. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya majedwali. Jedwali la watu, jedwali la nyumba, kila moja na safu zake. Kila mtu ana namba yake peke yake. Jedwali la watu halirudii habari za nyumba, linaandika tu namba ya nyumba. Ukitaka zaidi unaifuata namba hiyo hadi jedwali la pili. Jambo linaandikwa mahali pamoja. Likibadilika, unarekebisha mara moja, kazi imekwisha. Lugha ya kuyauliza maswali inaitwa SQL.

Nikaona sura ya Makokha ndani ya bakuli.

Njia ya pili inaitwa NoSQL. Ndani yake kuna namna nyingi, lakini inayojulikana sana ni ya nyaraka. Kila mtu ana waraka wake, mambo yake yote humo humo, na waraka wa huyu si lazima ufanane na wa yule. Huyu ana mambo matatu, yule thelathini, hakuna anayelalamika.

Nikavuta boksi kutoka chini ya kitanda.

Akafungua bahasha mbili, ya tatu, akacheka. Akasema, "Baba, hii ni NoSQL kabisa."

Miaka kumi na moja! Bila cheti, bila umeme!

Akaongeza kwamba kuna hasara moja nzito ambayo lazima niielewe. Wakati huo nilikuwa natafuta kofia yangu. Habari kama hii haikai ndani ya nyumba.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata Makokha kwenye benchi la fundi viatu. Nikamwuliza, kwa upole, kama anajua kwamba anatumia jedwali. Akasema anajua, mjukuu wake amemwambia hata benki zinatumia majedwali. Nikasema mimi ni NoSQL. Akauliza hiyo inapona kwa dawa gani.

Fundi viatu alicheka kupita kiasi. Nimeandika kwenye bahasha yake.

Tukashindana. Fundi akataja jina la mwanachama mmoja, Kyule. Nikaenda mbio kidogo, nikarudi na bahasha, nikaifungua mara moja, yote yakatoka: simu, K22, kanisa, kwao Mwala, hapewi sukari kwenye chai, mbwa wake anauma. Makokha alikuwa bado anafunua. Ukurasa wa watu, Kyule ni namba 17. Namba 17 yuko nyumba ya 12. Ukurasa wa nyumba, ya 12 ni K22. Halafu ukurasa wa simu. Alilamba kidole mara nne. Mbwa hayumo kabisa.

Nimeshinda mbele ya mashahidi watatu, mmoja akiwa amevaa kiatu kimoja.

Mpango wa Jumapili: nimemwomba Kyule asimame aulize maswali yenye kona kona, yale ambayo kitabu cha mistari hakina pa kuyaweka. Nimemnunulia mandazi manne. Alitaka na chai. Nikaagiza bila sukari, kama inavyosema bahasha. Hakufurahi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Mvua pia imeanza.

Mama Ayuma amepita asubuhi na swali dogo. Wanachama wangapi kwao ni kaunti ya Kitui, na ni nani kati yao anaimba kwaya? Akasema ameshamwuliza Makokha, aliteremsha kidole kwenye safu ya kaunti, akakiteremsha kwenye ya kwaya, akasema kumi na mmoja, waimbaji wanne. Chai yake haikupata nafasi ya kupoa.

Mimi nilifungua bahasha zote sitini na sita juu ya kitanda. Kwa nyingine nimeandika Kitui. Kwa nyingine Mutomo, Mwingi, ambako pia ni Kitui, au "mbali". Ya Mulama haina kwao, ina maelezo marefu ya goti lake. Nikahesabu, nikapata kumi na watatu. Nikarudia, kumi na wanne. Mbithe akataka kitanda chake. Mama Ayuma aliondoka akisema nitampigia.

Mutheu akasaidia kurudisha. Akakuta bahasha tatu zina simu moja: Mirriam wa K14, Mama Koki wa K31, na Mama Maharagwe. Akasema hiyo ndiyo hasara aliyotaka kuniambia juzi. Mtu mmoja nimemwandika mara tatu; amehama, nimebadilisha mahali pamoja, kwingine kumebaki uongo.

Nikamweleza. Mama Maharagwe ndiye Mama Koki, hilo najua, ila bahasha yake ilijaa nikafungua ya biashara yake ya maharagwe. Lakini Mirriam ni msichana mwembamba aliyejiandikisha 2015, hana mtoto. Mama Koki ana watoto wanne na si mwembamba. Wanatumia simu moja, basi. Watu hukopeshana simu.

Mutheu akauliza kama nimewahi kumwona huyo Mirriam tangu 2015. Nikasema mimi si mtu wa kuchungulia wasichana.

Akaniambia, "Baba, uliza tu jirani mmoja."

Kuuliza? Mimi ndiye ninayeulizwa.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tisa ujumbe wa Mama Ayuma kwa simu: Mirriam amefiwa na mama yake, tukutane kwake saa kumi na moja.

Watu wakaanza kuuliza kwake ni wapi. Wengine kwa Makokha, wengine kwangu. Nikavuta bahasha, nikaifungua mara moja. K14. Nikawaambia wanifuate.

Tulikuwa kumi na tisa. Akina mama na leso, Kyule na Biblia, sukari, unga, jerikeni la maji. Makokha hakuonekana. Hata Mama Koki, ambaye huwa wa kwanza kwenye matanga ya wenzake, hakuja. Nikaliweka akilini nimwandikie.

K14 akafungua mwanamke mdogo mwembamba. Nikasema moyoni, huyu hapa, hajazeeka hata kidogo. Kyule akaanza wimbo. Akina mama wakamshika mikono. Akauliza nani amekufa. Nikamwambia ajikaze, Mungu yupo.

Akakaa chini sakafuni. Hakulia. Akachukua simu akapiga, ikaita. Ikaita tena. Wimbo ukafa wenyewe, mtu mmoja mmoja. Mara ya tatu ikaita mpaka ikakatika, na hapo ndipo nilipoona kwenye ukuta picha ya harusi mpya, yeye na kijana mmoja, na nikaelewa anampigia nani.

Mara ya nne kijana akashika. Yuko kiwandani Baba Dogo, mashine zina kelele, kuna nini?

Anaitwa Annah. Mume anaitwa Job. Wameingia K14 miezi minne iliyopita. Nikamweleza Annah kwamba tulikuwa tunajaribu kikundi, kama wazima moto wanavyojaribu gari. Hakucheka. Alisema polepole, "Mzee, mimi nilikuwa nimeshafika kaburini."

Mutheu alifika akihema. Mirriam yuko K31. Mirriam ni Mama Koki. Makokha yuko huko tangu saa kumi na moja kasoro, kwa kitabu chake ni namba 22, nyumba ya 9, pamoja na watu wengine wote.

Tuliiacha sukari kwa Annah. Ilikuwa vigumu kuiomba.

Jumamosi, 8 Machi

Leo kutoka dukani hadi kwangu hakuna aliyenisalimia. Mmoja aliuliza kama bado yuko hai, kulingana na bahasha.

Niliketi mlangoni. Paka watatu.

Saa nne Makokha akaja. Alikataa kiti. Gari la kutangulia matangani linaondoka saa nane, akasema, na mvua haijakatika tangu Alhamisi. Aliwaambia wa gari kwamba kwao Mama Koki ni Mwingi. Dereva akamwuliza Mwingi wapi, njia gani. Mama Koki mwenyewe hawezi kuongea mambo ya njia sasa. Akafungua kaunta buku akanionyesha. Safu ya "Kaunti": Kitui. Safu ya "Kwao": Mwingi. Basi. Mistari ya rula ilikuwa imenyooka sana.

Ningeweza kumtambia kwa nusu saa. Nilimtambia kwa dakika tano. Nikamwambia aseme NoSQL. Akasema. Nikamwambia aseme tena bila kunung'unika.

Kisha nikaingia chini ya kitanda. Bahasha ya Mama Koki, karatasi ya sita, mwandiko wangu, siku tulipokuwa tunachambua maharagwe naye: Usipite njia ya sokoni, ule mto wa mchanga ukijaa gari linabaki ng'ambo hata siku mbili. Pita juu, kwa shule ya msingi, uliza mlango wa bluu. Shangazi Ndinda ana presha, asiambiwe kwa simu, aambiwe na mtu ameketi naye.

Makokha akasoma mara mbili. Akaketi kwenye kile kiti. Akauliza, "Kimeu, mimi hii ningeiandika safu gani?"

Nikasema hakuna. Yeye akasema hata mimi nisingejua ni ya nani kama si namba yake 22. Hilo sikulisikia vizuri.

Tukaenda pamoja K31. Mama Koki ameketi kwenye godoro, macho mekundu. Nikampa pole. Akanishika mkono, akasema, "Baba Mutheu, niliambiwa jana ulinililia K14." Akacheka kidogo. Wanawake walisema ndiyo mara ya kwanza tangu habari ifike.

Gari liliondoka na karatasi yangu.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi dereva alipiga simu. Mto wa mchanga umejaa. Njia ya sokoni kuna malori mawili yamekaa tangu juzi. Wao walipita kwa shule ya msingi, na shangazi aliambiwa akiwa ameketi.

Mkutanoni Kyule alisimama na maswali yangu ya mandazi. Mama Ayuma akamwambia aketi. Akasema wiki hii tumejifunza ya kutosha: majina, nyumba na simu, yale ya kila mtu na yanayobadilika, ni ya Makokha, kwenye majedwali. Yale ya kona kona ni ya Kimeu, kwenye bahasha. Mutheu akasema hata makampuni makubwa hutumia zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Sharti ni moja tu. Mtu mmoja, bahasha moja, na juu yake namba ya Makokha. Nyumba na simu nisiandike kabisa, nimwulize yeye.

Nikakubali mbele ya wote. Makofi. Boksi ni langu! Watu tisa walinisalimia njiani.

Jioni Annah na Job walikuja kujiandikisha. Sikutegemea. Annah alisema kikundi kinachofika haraka hivyo, hata kama ni kwa mtu asiyefiwa, afadhali kuwa ndani yake. Makokha amempa Job namba 65 na Annah namba 66.

Nimemfungulia Job bahasha. Nimemfungulia Annah bahasha. Annah ana mimba ya miezi mitano. Ndoa ina miezi minne. Hilo halina safu kwa Makokha, mimi nimeliandikia ukurasa mzima.

Lakini nimefikiri mbele, jambo ambalo kompyuta haiwezi. Ikifika Julai nani atamwita Annah? Ataitwa Mama Nani. Kwa hiyo nimefungua bahasha ya tatu, "Mama", nikaacha nafasi ya jina la mtoto. Na ya nne, "Baba", hivyo hivyo. Simu yao na K14 nimeandika kwenye zote nne, zisipotee.

Namba ya Makokha nayo nimeiheshimu, kama nilivyoahidi. Annah ni 66. Mama ni 66 na nusu.