Mama Amekuja Kuniozesha Idara ya Kilimo

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mbele ya wakuu wa idara mbili, kwaya ya kanisa letu, na jogoo.

Nasoma uuguzi hapa Mbarara. Tangu niingie chuoni, darasani naongoza mimi. (Sijisifu. Haya, najisifu kidogo, maana ni kitu pekee kilichonibakia leo.) Na lazima niongoze, kwa sababu mfadhili wangu anataka alama za juu kila muhula. Zikishuka tu, narudi kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi, kupalilia maharage.

Tatizo ni kwamba muhula ujao tunaanza kuingia wodini, na mimi nikiona damu nazimia. Hata ya mbu! Kwa hiyo niliomba kuhamia kilimo, kimyakimya. Ukweli niliuonea aibu, nikasema eti napenda sana udongo.

Mkuu wa idara ya kilimo, mzee mpole, Mnyankore mwenyeji wa hapa, hakunielewa kabisa.

"Wewe iko namba moja huko. Sasa unakimbia nini? Leta mzazi. Mimi sitaki mama alie hapa, eti nimeiba nesi yake."

Nikampigia mama. "Mama, natoka idara moja naingia nyingine, wanataka wazazi."

Akanijibu, "Nimesikia. Tutakuya."

Ningeuliza, mtakuja akina nani? Sikuuliza.

Leo asubuhi lori dogo la kubebea mahindi likasimama getini. Akashuka mama. Wakashuka akina mama wa kwaya, kitenge sare, wote! Akashuka baba mdogo na koti lake la harusi. Huyu ndiye msemaji wa ukoo, hakuna binti wa kwetu aliyeolewa bila yeye kuhutubia. Ikashushwa kreti ya soda waliyonunua njiani Kaberebere. Mwisho kikapu, na ndani yake jogoo aliyefungwa utepe shingoni.

"Mama, hii ni nini?"

"Mutu hatoki ku nyumba moya na kuingia ku ingine kama mwizi," akasema. "Batu batasema nini juu yako?"

Tukaanzia uuguzi, kuaga. Baba mdogo akakohoa, akamwambia mkuu wa pale: "Hamukumufukuza mutoto, na yeye hakubatukana. Tunamutosha hapa kwenu na heshima." Wakaacha soda. Mkuu wa uuguzi, mama wa watu, akabaki ameshika chupa, hajui anywe au alie.

Kisha tukavuka uwanja kwenda kilimo, kwaya ikiimba. Kuimba! Saa za masomo! Wanafunzi wakajaa madirishani. Nikasikia mmoja akiuliza, "Kwani mkuu anaoa leo?" Karani akakimbia kumpa mkuu mkono wa pongezi. (Mzee ana wajukuu.)

Ofisini hapakuwa na pa kuweka mguu. Baba mdogo akasimama.

"Tumekuya kubaletea mutoto. Anajua kazi, ana akili mingi. Akikosea, musimupige, mutuite."

Vigelegele!

Mkuu akangoja viishe. "Asante. Lakini mimi nimeuliza kitu moja tu. Kwa nini anaacha nesi?"

Wote wakanigeukia. Mama pia. Hapo ndipo nikaona kwamba hata yeye hajui, na amekuja hivyo hivyo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sema, mutoto wangu," mama akaniambia taratibu.

Nikafungua mdomo. "Napenda udongo."

Mkuu akatikisa kichwa. "Hiyo hapana sababu." Akafunga faili langu. Nikaliona jembe likinisubiri mlangoni kwetu.

Sasa kwetu, upande wa pili ukisitasita, unaongeza zawadi. "Jogoo!" baba mdogo akaamuru. Mkuu, kwa adabu zake, akampokea kwa mikono miwili. Jogoo alikuwa kikapuni tangu Nakivale na hakuwa na hali nzuri. Akamdonoa mzee kwenye kidole gumba.

Tone moja la damu. Dogo!

Tone nalikumbuka. Kinachofuata ninachokumbuka ni dari.

Nilipozinduka, mama alikuwa ananipepea kwa kitenge, kwaya inakemea mapepo, na jogoo yuko juu ya kabati. Mkuu alikuwa amefunga kidole kwa leso, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Sasa *hiyo* iko sababu," akasema. "Nimekubali. Karibu kilimo."

Mama akanikumbatia pale pale sakafuni. "Si ungesema tu? Miye niliwaza umeiba dawa yao!"

Nikalia kwa furaha. Sioni aibu kusema, nililia hasa. Alama zangu zimepona, maharage yatapaliliwa na wengine!

Tulipofika mlangoni mkuu akaniita. "Wewe, Jumatatu usichelewe. Tunaanza na somo ya kuku. Kulisha, halafu kuchinja."

Tafadhali msinicheke. Na anayejua idara isiyo na damu aniambie haraka, maana mama ameshauliza kama atafute jogoo mwingine.