Mfuniko wa Miale Saba

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza. Kimya kimya, Sekunde asijue. Sekunde ni fundi saa wa kibanda cha pili. Jina nimempa mimi, kwa jinsi anavyotembea kama mshale wa saa. Amepata mashine ya kuchora maandishi kwenye chuma. Sasa kila mwenye kombe au kibati cha mlangoni anaipita meza yangu ya redio na deki kwenda kwake. Leo amenijulia hali kwa huruma. Siitaki.

Mpango: leza saba kutoka kwenye deki mbovu za DVD ambazo wenyewe hawakuzirudia. Leza moja haichomi hata karatasi. Lakini miale saba ikikutana mahali pamoja! Umoja ni nguvu, chuma kitasalimu amri. Nimechukua mfuniko wa sufuria kubwa ya mke wangu, nikautoboa matundu saba. Nitamwambia baadaye.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu ameuliza mfuniko ulipo. Nimesema sijui. Amefunika sufuria kwa sinia, akaniangalia sana.

Miale sita imekutana. Wa saba unakwenda pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba. Kutafuta leza yenye kasoro, nimefanya tunavyofanya mafundi wa deki miaka yote: ukiitilia shaka, unaichungulia. Ukiona wekundu, ni nzima. Nimezichungulia zote saba, moja moja, kwa jicho la kushoto. Zote nzima. Kumbe skrubu tu imelegea.

Alhamisi, 6 Juni

Imekutana! Saa nne asubuhi, yote saba, kinukta kimoja juu ya kibati, kidogo kuliko kichwa cha pini. Nikainama, nikakikagua kwa karibu, jicho moja nimefumba, nikihesabu mpaka ishirini. Chuma hakikuchoreka hata mkwaruzo.

Limetokea jambo jingine. Nilizima umeme, kinukta hakikuzimika. Nikatazama ukuta, kipo ukutani. Nikafumba macho, kipo ndani. Nimefunga kibanda kabla ya saa sita.

Ijumaa, 7 Juni

Kimekuwa cheusi, na kimekua. Sasa ni doa, sawa na kifungo cha koti. Linakuja na kuondoka. Nikilitafuta, limejificha. Nikibandika lenzi ya kazi, ile ya kukuzia vidude, kwenye jicho la kulia, linarudi na kutulia mbele yangu, linangoja.

Sekunde alikuja kuazima bisibisi. Nilikuwa na lenzi jichoni, nikainua kichwa. Doa likamkalia. Kilibaki kichwa chenye masikio, uso hakuna. Sauti ikatoka humo: fundi mwenzangu, mbona umekodoa hivyo? Nikampa bisibisi mbili ili aondoke.

Jumamosi, 8 Juni

Kibanda cha Sekunde kimefungwa. Miaka sita hajakosa siku hata moja. Nimelitazama kufuli lake asubuhi nzima. Nilitaka kumshinda, sikutaka kummaliza. Nimeogopa kwelikweli. Kisha nikajikuta nawaza wateja wake watakwenda kwa nani, nikajionea haya.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka nimelalia ubavu wa kulia, jicho limezama kwenye mto. Mke wangu kanielekea. Hakuwepo. Nywele zipo, shingo ipo, hereni moja ipo. Katikati hakuna mtu. Na pumzi inatoka humo, taratibu.

Nikatoka kitandani nikakaa jikoni. Siku nzima sikumtazama, nikihofia doa limchukue kama lilivyomchukua Sekunde. Miaka kumi na tisa uso ule ndio wa kwanza ninaouona asubuhi. Mchana akauliza kama chakula kibaya. Nikasema kitamu, nikaiambia sahani. Akaniita baba watoto, jina analotumia akinichoka, akasema mwenye siri hatazami watu. Nimelia. Nikamwambia yote, hata mfuniko. Hakunigombeza. Hilo lilinitisha kuliko doa.

Jumatatu, 10 Juni

Sekunde yupo! Alikwenda harusi ya mpwa wake. Amenenepa.

Mke wangu amenipeleka hospitali. Daktari wa macho, mama mpole, akaniziba jicho la kushoto: doa hakuna. Akaziba la kulia: likatokea, likamkalia yeye. Akasema halimfuati mtu wala halimchukui mtu. Ni kovu. Leza imechoma nyuma ya jicho la kushoto, palepale pa kuonea nyuso na maandishi, na hapatapona. Macho yote mawili yakiwa wazi, la kulia linamfichia mwenzake aibu. Likizibwa, doa linaonekana. Kisha akamgeukia mke wangu, si mimi, akamwambia la kulia ni zima kabisa, na ndilo pekee nililobaki nalo. Nikaapa mbele yao wote wawili: leza basi.

Njiani mke wangu alinishika mkono kama kipofu. Sikuutoa.

Alhamisi, 13 Juni

Sekunde ameweka kombe dirishani kwake, limechorwa maua pembeni. Maua! Nani alimwomba maua?

Nimefikiri kwa utulivu. Mtambo haukuwa na kosa. Niliulenga kwa jicho bovu, ungewezaje kulenga sawa? Na kuhusu la kulia, daktari hakulilaumu hata kidogo. Amelisifu mwenyewe: zima kabisa.

Jumamosi, 15 Juni

Ushindi. Nimelenga upya kwa jicho zima, kwa karibu, nikahesabu mpaka arobaini ili nisibahatishe. Kibati kimetoa moshi! Mdogo, lakini moshi. Huenda ni rangi tu iliyoungua, nitakagua.

Naandika kwa kupapasa, mistari nadhani inapandana. Kila ninachokitazama kinaondoka, vinabaki vya pembeni. Itapita. Mke wangu ameingia kibandani na chai. Nimemjua kwa sauti. Ameuliza kwa nini namtazama begani. Nimempa habari njema ya moshi. Nikasikia kikombe kikigongagonga kwenye kisahani. Nikamwomba, kwa kuwa yupo, anitafutie leza moja zaidi kwenye lile boksi la deki, maana nane hazitashindwa.