Watoto Wanaingia Bure

Alhamisi, 14 Agosti
Hatimaye! Solo ni yangu. Miaka yote mwanakwaya mwenzangu Abdiel kaiatamia, mimi nyuma kwenye besi naitikia tu. Leo mwalimu wetu wa kwaya, Aikaeli, kasema Jumapili naimba mimi. Tamasha la kwaya liko jangwani. Sisi wa migombani huku Meru ndivyo tunavyoiita ile nyika kavu nyuma ya mlima. Abdiel kanipongeza kwa meno tu. Mke wangu, Mama Joel, kaniagiza nitunze koo: tangawizi, asali, na mdomo kuufunga. Nimeahidi.

Ijumaa, 15 Agosti
Kumbe kesho hukohuko jangwani kuna tamasha jingine! Muziki wa mashine, sanamu za vyuma, wazungu waliojipaka rangi. Kiingilio si cha watu kama mimi. Ila wafugaji wa pale wamealikwa bure. Akili yangu hailali! Nimeazima shuka la lubega na fimbo kwa jirani yangu Lengai, mfugaji wa jamii hiyohiyo. Kaniuliza kama salamu zao nazijua. Nimekua nao, anifundishe nini? Nyumbani nimeaga kwamba natangulia kukagua jukwaa la kwaya. Mama Joel kanifungashia chupa ya tangawizi. Mke mwema.

Jumamosi, 16 Agosti
Getini alikuwepo Tajeu, kijana wa pale, umri wa kitinda mimba wangu. Nikakumbuka kwamba kwao watu huinamisha kichwa kiguswe. Nikainamisha. Kumbe wanaoinamisha ni watoto, wakiwasalimia wakubwa! Tajeu akaniwekea mkono utosini, bila kucheka, akauliza kama mama hajambo na kama ndama nimewafungia. Nikajibu hajambo, nimewafungia. Wenzake walikaa chini kwa kicheko. Akasema nipite, watoto wanaingia bure.

Nimepita! Aibu imebaki getini. Ndani kuna twiga wa mabati anayetoa moto puani. Nimeruka, nimepiga kelele, nimekula vumbi. Mzungu mmoja kanipaka rangi ya fedha uso mzima. Nikamgawia tangawizi yote. Sijafurahi hivi tangu harusi yangu, na harusini sikuruka.

Jumapili, 17 Agosti
Sauti hakuna! Uso nimenawa, koo halinawiki. Jukwaani nikafungua kinywa, ukatoka mlio wa bawaba ya zizi. Mara ya pili hata huo haukutoka. Abdiel hakungoja kuitwa. Kaimba vizuri, kwa bahati mbaya. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Nikamnong'oneza mwalimu kwamba ni baridi ya usiku. Akaanza kuamini.

Ndipo ikapanda kwaya ya wenyeji. Kiongozi wao? Tajeu! Aliponipita akaniwekea mkono utosini mbele ya kwaya yetu nzima, akauliza mtoto kaamkaje baada ya kuruka vile. Mama Joel akanichungulia nyuma ya sikio. Fedha bado ipo.

Jumatatu, 18 Agosti
Hukumu imetoka: nahamia kwaya ya watoto, kubeba ngoma. Solo inaniuma, sifichi. Lakini Mama Joel, pamoja na kunicheka tangu alfajiri, kanipikia mtori laini wa ndizi, wa mgonjwa wa koo. Mlima umefunguka wote, bila wingu. Kwa kweli niko sawa.

Na kosa langu nimelijua: niliingia kama mtoto. Mwakani naingia kama mzee. Wazee hawainami, wao ndio wanaogusa! Lengai kataka kunieleza jambo, nikampungia mkono asijisumbue. Mazoezi nimeshaanza. Mchungaji alipokuja kunipa pole, nikamwekea mkono utosini. Akafumba macho, akangoja nimwombee. Sauti sina. Tukasimama hivyo mpaka mtori ukapoa.