Samli ya Mama Mkwe na Bunduki ya Mrusi

Jumamosi, 31 Oktoba 2015. Okolona, Louisville

Rudasingwa kaua kulungu! Picha imenifikia kabla sijanywa chai. Kulungu kalala majanini, Rudasingwa kapiga goti pembeni, meno yote nje, mkononi bunduki yake ya Kijerumani ya wakati wa vita kuu. Kaituma kwa ukoo mzima, kuanzia Reynoldsburg, Ohio, pembeni ya Columbus, anakokaa, mpaka Uvira.

Huyu bwana ni mwanyumba wangu. Mimi nimemuoa Esperance, yeye kamuoa Umutoni, dada mkubwa. Tangu siku ya mahari ananipita kidogo katika kila jambo. Gari, nyumba, hata kitambi.

Ingekuwa picha tu ningenyamaza. Lakini mama mkwe, mama Nyirangabo, amechoka na Buffalo. Theluji ya mwaka jana ilimzibia mlango, akachunguliwa dirishani kama kuku. Mwezi ujao anashuka Columbus kwa Umutoni, halafu anakuja kwetu, halafu anachagua atakaa kwa binti yupi. Esperance hajalala nyumba moja na mama yake tangu kambi ya wakimbizi. Jana nilimkuta anakunja shuka za kitanda ambacho bado hatujakinunua. Mama akibaki kwa Rudasingwa, humu ndani ni kilio mpaka Pasaka.

Na mama, kila akipiga simu, analalamika kwamba nyama ya Amerika haina ladha. Donc? Donc, kwa hiyo, na mimi nitaua kulungu. Mkubwa kuliko wa Rudasingwa.

Esperance anasema mama yake ni mtu wa ng'ombe, nyama ya pori hajaigusa maishani. Nikamwambia wazee wetu hata kuku walikuwa hawali, na leo mama anakula kuku wa kukaanga anayeuzwa kwenye ndoo. Akarudi kwenye shuka zake. Nimeshinda.

Jumatatu, 2 Novemba

Nimenunua bunduki! Ya Mrusi, ya mwaka 1939. Mwenye duka anazo nyingi, zimesimama pembeni kama majembe. Ni ya risasi moja moja. Kuna chuma unakivuta nyuma, unakisukuma mbele, unakilaza. Mimi nakiita kitasa. Ukiichomeka singe yake mbele, inampita Esperance kwa urefu.

Watu wa duka wakauliza serikalini kwa simu kama mimi ni mtu safi. Mimi ni mtu safi. Cheti cha uwindaji ninacho tangu mwaka jana. Nilisoma kozi na Zihindula, Mshi kwa kabila, kutoka Walungu, tunayebeba naye maboksi ghalani.

Esperance katoa masharti. Risasi zisiingie humu hata moja. Bunduki ifungwe kwa mnyororo kabatini, chumba cha nyuma. Bon, haya, risasi zinakaa kwa Zihindula, sandukuni, na kufuli. Binti yetu Umwali kaitazama bunduki, akaniuliza kwa Kiingereza kama ni bomba la choo.

Jumanne, 3 Novemba

Kumbe Warusi waliizika kwenye grisi. Grisi nene, ya kahawia, inanata kama ugali uliokosa maji. Mwenye duka kasema nitumie maji ya moto. Hakusema wapi.

Nimeiogesha bafuni, kwenye beseni kubwa la kuogea. Grisi imeyeyuka vizuri sana. Imetoka kwenye bunduki ikahamia kwenye beseni, pazia, sabuni na taulo la Esperance. Jioni karudi kutoka kazini, kwa wazee anaowatunza, kaingia kuoga, nikasikia kishindo na jina langu.

Hajaumia. Mimi nalala kwenye kochi. Lakini bunduki inang'aa!

Alhamisi, 5 Novemba

Siku ya ufundi. Nilikwenda na bunduki kwa Zihindula, nikakata mti wake wa mbele kwa msumeno ili iwe nyepesi. Nikakata kidogo upande wa kushoto, ukapinda. Nikasawazisha kulia. Ukapinda zaidi. Zihindula akaninyang'anya msumeno akasema nikiendelea nitabaki na bastola.

Nikafunga na darubini juu. Imekaa vizuri ajabu! Kasoro moja. Kitasa kikinyanyuliwa kinagonga darubini, hakifunguki. Nimekata shauri kwamba mwindaji hodari anahitaji risasi moja tu.

Kisha kitako. Nilikipiga msasa mpaka kikawa cheupe, sasa kinataka mafuta. Wazungu wa kwenye video wanasema mafuta ya kitani. Kitani nini? Vyombo vya maziwa vya bibi yangu kule Minembwe vilikuwa vya mti, vilipakwa samli, na viling'aa mpaka siku tulipokimbia tukaviacha. Mti ni mti.

Samli ipo. Mama mkwe aliituma toka Buffalo, chupa moja, ya ng'ombe wa kwetu kabisa. Ilitoka mlimani, ikapita Bujumbura na Nairobi mifukoni mwa watu wa kanisa. Esperance kaificha nyuma ya unga. Tutaifungua siku atakayofika mama.

Nilichukua kijiko kimoja. Mti ukanywa wote. Nikaongeza. Ukanywa. Haki ya Mungu, sijaona mti wenye kiu namna ile. Kilichobaki chini nikaona ni aibu kukiacha, nikapaka na ndani ya mtutu.

Chupa nimeijaza siagi ya dukani. Rangi ni ileile.

Jumamosi, 7 Novemba

Kiwanja cha shabaha. Mimi, Zihindula, na Wazungu wenye mbwa wao.

Nilifyatua. Ala! Bega langu! Bunduki ilinipiga mimi kabla ya kupiga chochote mbele. Na moshi uliotoka unanukia maandazi. Watu wakageuka. Mmoja akauliza nani kaleta chakula. Mbwa akaja akakilamba kitako kwa mapenzi mazito, akagoma kuondoka. Mwenyewe akamvuta kwa mkanda.

Nikafungua darubini ili nikoki tena. Kitasa kimeganda! Samli na joto na grisi iliyobaki vimeshikana kama mshumaa. Kwa bahati nilikuwa nimechukua mchi wa Esperance, ule wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, maana niliona kwenye video mtu akigonga kitasa kwa nyundo ya mti. Nikagonga. Kitasa kikafunguka. Mchi ukakatika vipande viwili. Nimeutupa pipani palepale. Esperance hatajua.

Shabaha? Karatasi yangu nzima. Ya jirani ina tundu moja zaidi ya risasi alizopiga.

Lakini leo nimepata kitu kitamu kuliko shabaha. Yule jirani kaniambia kwamba Ohio hawaruhusu bunduki za vita namna hizi kuwinda kulungu. Hawaruhusu! Sasa Rudasingwa kamuua vipi?

Nilimpigia papo hapo. Akakohoa. Akasema mtandao mbaya. Nyumbani nikamwomba Esperance amchokonoe dada yake, na Umutoni, masikini, hajui kuficha. Gari lao liko gereji, pua imebonyea. Alimgonga! Kwa gari! Kisha akaomba kibali polisi abebe mzoga, akakimbilia nyumbani kuchukua bunduki ya kupigia picha!

Nimecheka mpaka bega likaniuma upya. Sasa nikimuua wangu kihalali, kwa risasi, nani atabishana na mimi?

Jumatano, 11 Novemba

Mama mkwe yuko Columbus. Rudasingwa kapiga simu kuniambia kwamba mama amekula kulungu akalamba vidole. Esperance kasikia, kaingia jikoni, kafungua maji ya bomba muda mrefu bila kuosha kitu. Nikamfuata nikamwambia asijali, Jumamosi msimu unafunguliwa. Akasema yeye hataki kulungu, anataka mama yake. Nikamwambia ni kitu kilekile.

Akauliza mchi wake uko wapi. Nikasema labda kanisani.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimeandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia hauinuki.

Tulikwenda wilaya ya Bullitt, kwenye shamba la msimamizi wetu wa kazi. Baridi ya kukata masikio. Zihindula alipanda upande wa juu na bunduki yake ya kisasa, mimi nikakaa chini ya mwaloni na kizibao cha rangi ya chungwa.

Akaja mbwa wa shamba. Akalamba kitako. Nikamfukuza kwa kunong'ona. Akaja na mwenzake. Nikawa nawinda nimezungukwa na mbwa wawili wenye midomo inayong'aa.

Halafu akatokea. Kulungu dume, pembe kama kiti cha enzi! Kasimama ananitazama, na mbwa wakamtazama, na mimi. Nikawaza kitanda cha mama, nikawaza Esperance, nikafyatua. Darubini ikaruka ikanipiga kwenye paji la uso. Risasi ikaenda inakojua yenyewe. Kulungu hakukimbia hata! Nikavuta kitasa, kimeganda. Nikakipiga kwa kiatu. Kulungu akamaliza majani yake, akaondoka kwa miguu.

Zihindula akashuka, akanigeuzia mgongo. Mabega tu yalikuwa yanamtikisika.

Wakati wa kurudi, karibu na barabara kuu, kulungu mwingine akaruka mbele ya gari langu. Puu! Nikashuka. Kalala. Nikasema asante Bwana, Rudasingwa si mjanja peke yake! Nikatoa simu nipige picha. Akafumbua macho, akasimama, akajikung'uta, akaenda zake. Kaniachia taa moja iliyovunjika.

Jumapili, 15 Novemba

Wamefika baada ya ibada. Rudasingwa mwenyewe kamleta mama, na sanduku la barafu lililojaa nyama ya kulungu, zawadi yetu, ili anitie aibu mlangoni pangu.

Lazima nieleze kitu. Mama mkwe wangu ni mtu wa zamani. Hasemi na mkwe uso kwa uso, na mkwe hali mbele yake. Miaka kumi na mmoja maneno yake yote kwangu yamepitia kwa Esperance, hata nikiwa nimesimama hapo. Ananiita huyo. Huyo mwambie afunge mlango. Donc walipokaa mezani, mimi nilikuwa garini, nakula wali wangu nyuma ya usukani wa gari la taa moja.

Nikiwa kule mambo yakaharibika, nimesimuliwa baadaye. Kwanza Esperance kamtengea mama nyama ya kulungu. Mama kaisukuma pembeni. Kasema yeye hali mnyama wa miguu minne ambaye hakuna mtu aliyewahi kumkamua. Ikatokea kwamba na Columbus hakuonja hata kipande! Rudasingwa, aliyekaa mbali bila kula, akajikuna shingo.

Pili Esperance kafungua chupa ya samli. Mama kanusa mara moja, kafunga. Kasema hii ni ya dukani.

Tatu, wakampeleka chumba cha nyuma akapumzike. Kasimama katikati ya chumba, pua juu. Kasema samli yake imo humu. Kafuata harufu mpaka kabatini, akafungua.

Nikaitwa. Nilikuta bunduki kwenye mnyororo wake na kitako kikimeremeta kwa ng'ombe wa kwetu. Mkononi mama alikuwa na kitasa, maana nilikuwa nimekichomoa kukisafisha, nikakiviringisha ndani ya soksi. Rudasingwa alikuwa mlangoni anatabasamu. Esperance hakutabasamu. Macho yake yalikuwa kwa mama yake, anasubiri mama aseme anarudi Columbus.

Mama akageuka, akanitazama machoni. Akaniita Ndahiro. Jina langu! Sikujua kama analijua.

Akaniambia, mimi, bila kupitisha kwa mtu, kwamba ng'ombe wale tuliwaacha kwa sababu ya chuma kama hiki. Kwamba usiku ule wanaume walipokuja navyo alimbeba Esperance mgongoni, akamshika Umutoni mkono, hakugeuka nyuma. Kwamba samli ya mwisho duniani ya ng'ombe wachache waliosalia kwenye zizi la baba yake mzazi ilikuwa chupa ile, na mimi nimeilisha bunduki.

Nilitamani beseni lile la grisi linimeze. Kweli niliona aibu, aibu ya moyoni kabisa. Hata Rudasingwa aliacha kutabasamu, akaangalia viatu.

Mama akafunga kitasa kwenye pembe ya kitenge chake, mafundo matatu. Akasema kuanzia leo ile kabatini ni fimbo. Halafu akamuuliza Esperance kitanda chake ni kipi. Akasema kwa Umutoni kuna watoto watatu na mtu mzima mmoja, Umutoni atamudu. Hapa mtu mzima hayupo kabisa. Yeye anabaki.

Esperance kamkumbatia mama yake akalia kama mtoto, na mama akampiga mgongoni polepole, na kitasa kikawa kinagonga kwenye fundo.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimefikiri wiki nzima na nimeona ukweli. Mpango ulifaulu! Mama yuko hapa au hayuko? Yuko. Kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya bunduki. Ningeipaka mafuta ya kitani, leo mama angekuwa Columbus. Rudasingwa alileta kulungu mzima akarudi na sanduku lake. Nimemtumia picha ya mama kwenye kochi letu.

Esperance anaimba akipika. Mama sasa ananiita jina kila saa. Ndahiro, viatu. Ndahiro, taa. Nilikuwa na raha zaidi nilipokuwa huyo.

Lakini fimbo ya kilo nne kabatini ni hasara. Na kumbe kitasa kinauzwa peke yake! Mtandaoni, cha Mrusi huyohuyo. Niliagiza Jumatatu, kipelekwe kwa Zihindula kimyakimya, nimpe fundi akikague. Safari hii sipaki samli. Nitaifukiza kwa moshi, kama vibuyu vya maziwa, harufu ya mwindaji ipotee.

Kwa mazoea niliandika anwani yangu.

Kimefika asubuhi. Mama ndiye aliyefungua mlango. Kakipima mkononi na boksi lake, kizito, kirefu kiasi, akaniuliza uso kwa uso ni kitu gani. Nikamwambia ni mchi mpya wa Esperance.

Amefurahi sana. Ameshatia sombe kwenye kinu, ameketi, ananiita nikautoe kwenye boksi.