Kibati Namba 214

Jumatatu, 18 Mei

Ukungu umelala bondeni mpaka saa nne asubuhi. Nimefungua duka, nikakaa nyuma ya makopo ya rangi, nikaota macho wazi: mimi na Delphia Sizemore tunaingia mgodini Lick Fork, taa kwenye kofia, yeye amenishika mkono. Mteja aligonga meza mara tatu. Alitaka misumari. Nikampa brashi.

Safari ni Jumamosi. Basi la kanisa, watu kumi na wawili, saa tatu kamili, mwandaaji mimi. Lick Fork ni ng'ambo ya mlima tu, lakini sijakanyaga pale tangu mgodi wa zamani ugeuzwe mahali pa kutembeza wageni. Kusema kweli, hata kabla ya hapo sikukanyaga. Hilo ndilo tatizo.

Maana mwezi wa nne, kwenye chakula cha kanisa, nilimwambia Delphia kwamba ujanani nilichimba makaa mgodi wa Namba Tatu, huo huo wa Lick Fork, kwa miaka miwili. Sijui nilipatwa na nini. Baba yake alifia Namba Tatu, yeye akiwa na miaka tisa, nami nilitaka tu tuwe na jambo letu la pamoja. Akaniuliza namba yangu ya kazi. Nikasema 214. Ilikuja yenyewe. Akanitazama kidogo, akanisogezea bakuli la kabichi. Halafu akasema angependa nimwonyeshe mahali nilipofanyia kazi.

Mjane mpole vile! Na sauti ile ya kwaya! Akinigundua, nimekwisha.

Jumanne, 19 Mei

Kikwazo: binamu yangu Lonzo. Miaka thelathini na moja chini ya ardhi, na haachi kuwakumbusha watu. Ana kovu la bluu juu ya pua, pale vumbi la makaa lilipoingia kwenye jeraha na ngozi ikajifunga juu yake. Wanawake wa kanisani wanalitazama kovu lile kama nishani. Naye amejiandikisha kwa safari. Amenunua na shati jipya!

Kama kovu ndilo linalotakiwa, mimi nauza rangi. Nimejichora mstari mdogo wa bluu kwenye kidole. Ulipendeza mno. Dakika kumi baadaye Lonzo akaingia kununua betri, akauliza nani ananilipa kupaka milango. Nikasema nilijigonga zamani, kule mgodini.

"Ulijigonga na kopo, binamu?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nimesugua kwa mafuta ya taa, kwa sabuni, hata kwa mtindi. Ni rangi ya milango ya nje. Kopo linaahidi miaka kumi.

Nimemwambia Lonzo basi linaondoka saa tano.

Alhamisi, 21 Mei

Nimepata! Wazo lilinijia nikisinzia kibarazani, mvua ikipiga bati taratibu. Kwenye karatasi ya matangazo ya Lick Fork kuna picha ya chumba cha taa, pale wachimbaji walipochukulia taa zao. Ukutani ubao mkubwa wenye misumari, na kwenye misumari vibati vya shaba vyenye namba, kila mchimbaji na chake. Sasa fikiria. Jumamosi Delphia anasimama mbele ya ubao. Macho yanatembea polepole. Yanafika 214! Ananigeukia bila neno. Hakuna haja ya neno. Niliona mpaka jinsi mwanga wa dirishani utakavyomwangukia begani.

Tunauza vibati vya shaba vya kola za mbwa. Nimechagua cha mviringo. Kile chenye umbo la mfupa kingezua maswali. Nimegonga namba kwa msumari. Viwili vya kwanza viliharibika. Cha tatu nimekisugua kwa siki na jivu la makaa, sasa kinaonekana kizee kuliko mimi.

Ijumaa, 22 Mei

Nilifunga duka saa nane nikavuka mlima. Mzee Burl, anayewatembeza wageni, alikuwa akiwavalisha kofia watu kutoka Ohio. Nao kila mmoja alitundika kibati ubaoni kabla ya kupanda kigari cha reli. Nikaona ni mchezo wa watalii tu. Walipoingia mgodini nikajipenyeza, nikatundika changu katikati kabisa, panapoonekana.

Nikasimama kidogo. Chumba kilinuka mawe mabichi na mafuta ya zamani. Kwa muda mfupi nilihisi kweli nilifanya kazi pale, kwamba nilikuwa kijana, mchafu, nimechoka, na kuna mtu ananingoja nyumbani. Nilikaribia kulia. Nimerudi nikiimba.

Jioni. Bi Icie wa kwaya anapiga simu nyumba kwa nyumba. Mtu amepotea Namba Tatu! Wakati wa kufunga walihesabu, wakaona mmoja hajatoka. Kikosi cha uokoaji kimeitwa. Lonzo kachukua kofia yake mbio akaenda kusaidia. Bila shaka! Apate wapi nafasi nyingine ya kuonekana?

Na huyo mtu naye! Mzembe wa namna gani anajichimbia mgodini bila kuaga, anasumbua wilaya nzima, siku moja kabla ya safari yangu? Nimemwombea, lakini kwa ufupi.

Haiharibiki kitu. Tutakwenda hivyo hivyo, na tutawapelekea waokoaji chakula. Nimebandika sufuria kubwa la maharage. Delphia ataniona mimi mbele, mwenye huruma, mwenye sufuria. Nimempigia, akakubali mara moja. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema hatalala.

Jumamosi, 23 Mei

Naandika kwa shida.

Tulifika ukungu ukiwa bado umefunika mdomo wa mgodi. Watu wamesimama nje kimya, kama wanavyosimama watu wa milima hii mgodi unapokataa kumrudisha mtu. Kahawa inapita mkono kwa mkono. Lonzo akatoka na kigari, uso mweusi tii, akatikisa kichwa. Nikasogea mbele na sufuria langu. Delphia akanipita, akaingia chumba cha taa. Nikamfuata, nimefurahi.

Ubao ulikuwa mtupu. Misumari mitupu kutoka mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa mmoja.

Mzee Burl alikuwa akimweleza ofisa wa usalama kwamba anayeingia anatundika, anayetoka anakitoa, na kibati kikibaki ubaoni kuna mtu chini. Alisema katika miaka arobaini hajawahi kwenda nyumbani akiwa ameacha kibati kwenye ubao, na hataanza leo. Walikuwa wametafuta kwa saa kumi na nne.

Kila mtoto wa bonde hili analijua jambo hilo. Mimi mwenyewe nalijua! Nililijua tangu nikiwa nanyonya! Nilikuwa tu nimeota sana likanitoka. Na bado, Mungu anisamehe, nilitazama ule ubao nikawaza jinsi kilivyopendeza.

Delphia alikuwa amesimama mbele yake. Hakunigeukia.

"Cha baba kilikaa hapa siku kumi na moja," akasema. "Mama alikuwa anakuja kukitazama kila asubuhi. Hagusi. Anatazama tu, anarudi."

Akakitoa msumarini, akakigeuza, akakisoma. Akakiweka kwenye kiganja changu, akanikunja vidole juu yake kimoja kimoja, hata kile cha bluu.

"Haya, Verlin. Umeshatoka. Sasa nenda kawaambie wale watu wakalale."

Nilikwenda. Sikumbuki niliyosema. Mmoja wa waokoaji alikaa juu ya jiwe akafunika uso, analia kwa sababu hakuna aliyekufa. Lonzo alivua kofia. Nilingoja utani wake, haukuja, na hilo liliniuma kuliko yote. Mzee Burl aliniomba nirudie maelezo pole pole. Nikarudia. Akauliza kama maharage yana nyama ya nguruwe. Nikasema yanayo. Wakala mpaka chini ya sufuria.

Kwenye basi Delphia alikaa kiti cha kando yangu! Alisema alijua tangu mwezi wa nne. Namba Tatu ulifungwa mimi nikiwa darasa la sita. Alitaka safari hii ili nipate nafasi ya kumwambia mwenyewe, njiani, kabla hatujafika. Nikamwuliza kwa nini basi amekaa nami. Akasema mtu wa kuuza rangi angemtosha kabisa, yeye hakuomba mchimbaji. Wachimbaji amekwisha kuwazika. Kibaraza chake kinabanduka. Jumatano atakuja kuchagua rangi, na labda nimsaidie kupaka. Sharti moja tu: asisikie tena hadithi.

Nimeapa. Nililia. Mlima mzima ulikuwa unatoa moshi wa ukungu dirishani, na mimi nilikuwa mtu mpya.

Jumatano, 27 Mei

Nilivaa tai. Saa nne wakaingia watalii wawili, mke na mume, wakiuliza njia ya Lick Fork. Walisikia redioni habari za mtu aliyetafutwa usiku kucha. Mke akauliza kama namjua.

Nilisema kweli tupu. Nilisema aliyekuwa akitafutwa ni mimi. Saa kumi na nne! Hakuna hata chembe ya uongo hapo!

Akashika kifua. Akauliza ilikuwaje kule chini.

Nikafikiri kidogo. Giza, nikasema. Baridi. Maji yanadondoka mahali, tone, halafu tone. Nilikuwa nayahesabu ili nisilale. Nikawaambia nilivyogonga reli kwa jiwe, mara tatu, natulia, mara tatu tena. Nilivyoona taa ya kwanza kwa mbali, ndogo, ya manjano, ikinijia. Lo! Niliiona kabisa. Mume akavua kofia yake.

Kengele ya mlangoni sikuisikia. Delphia alikuwa kwenye rafu ya rangi, ameshika kopo la rangi ya maziwa. Tangu lini? Nadhani tangu kwenye matone.

Akalirudisha kopo mahali pake, akaligeuza maandishi yatazame mbele, akatoka. Hakubamiza mlango. Aliufunga polepole.

Nimekaa mchana kutwa nikilitazama kopo lile. Lakini si jambo la kukata tamaa. Nitamwambia nilikuwa nafanya mazoezi. Kanisa litaonyesha mchezo wa kuigiza wa wachimbaji Jumapili, na mimi ndiye mhusika mkuu. Hao watalii walinikuta tu katikati ya mazoezi. Atacheka mwenyewe! Mchezo bado haupo. Lakini mpaka Jumapili ni siku nne, na sehemu yangu nimeshaijua kwa kichwa.