Lango la Kaskazini Mbele ya Kamati

Kwa furaha isiyo na kifani, na baada ya vikao vya maandalizi vilivyotanguliwa na vikao vya kuandaa maandalizi, Wizara ya Afya na Burudani ilitangaza kuundwa kwa Kamati ya Kitaifa ya Kumalizia Hadithi Zilizoachwa Njiani. Mimi niliteuliwa kuwa Katibu. Namshukuru Mungu. Wapo wengi wenye elimu kunishinda ambao hawakuteuliwa, na nawaombea.

Huenda msomaji akauliza Afya na Burudani zilikutana wapi. Ziliunganishwa ili kubana matumizi ya viti. Mtaalamu aliyeshauri jambo hilo alieleza kwamba mgonjwa na mtazamaji wote kazi yao ni kungoja, kwa hiyo wanaweza kungojea kwenye korido moja. Tangu hapo bango la chanjo na bango la mashindano ya uimbaji hukaa ubao mmoja, na waraka wowote wa Wizara huenda kila mahali: hospitali, zahanati, kumbi za sinema na viwanja vya mpira. Waraka wetu hauulizi unamhusu nani. Ukibandikwa, unatekelezwa. Huo ndio utaratibu, na utaratibu ni nusu ya uchaji Mungu.

Sasa chanzo cha Kamati. Kuna mchezo wa kompyuta na simu unaoitwa Taji la Ukungu, wenye wafalme, wachawi na majoka. Watu waliucheza hadi mwisho, na walipofika mwisho wakakuta mambo mengi hayajaisha. Mfalme alitoka kwenda kutafuta kivuli chake, hakurudi. Yai la joka liliachwa ndani ya tanuri la mwoka mikate, na haijulikani kama lilianguliwa au liliiva. Watengenezaji, ambao wanaishi mbali, walisema sehemu ya pili inakuja. Kisha wakasema tena inakuja. Raia wakaanza kudhoofika. Katika ofisi yetu ya uhasibu, mabwana wawili wazima waliacha kusalimiana kwa sababu ya lile yai.

Mheshimiwa Waziri hakuvumilia. "Serikali haiwezi kukaa kimya," alisema, "wakati wananchi wetu wanangoja wageni waje kuwamalizia hadithi. Tutazimalizia wenyewe!"

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kwa muda mrefu zaidi, maana nilikuwa nimeketi mbele.

Siku hizo nyumbani kwangu kulikuwa na jambo dogo la kifamilia. Binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, na ilikuwa imefika ukingoni. Katika hospitali yetu, wodi ya wazazi ni ndogo, kina mama wanalala wawili wawili kitandani, kichwa huku na miguu kule, na anayechelewa analala chini. Ubavuni mwa wodi hiyo kuna wodi mpya. Imekamilika, imepakwa rangi, vitanda vimo ndani na plastiki zake. Lango lake lina kufuli, na mbele ya kufuli kuna utepe mwekundu unaomngoja Mheshimiwa Waziri aje aukate. Mheshimiwa ana ratiba ndefu. Utepe ulikuwa umeshapauka na kuwa wa rangi ya waridi.

Mke wangu alikuwa na maoni yake.

"Wewe si mtu wa wizarani? Waambie wafungue."

"Mama watoto," nilimweleza kwa upole, "jengo ambalo halijafunguliwa rasmi, kiserikali bado halipo."

"Halipo? Mbona tukiwa foleni tunajikinga jua kwenye kivuli chake?"

Niliingia chumbani nikasali, nikamwombea binti yangu kitanda. Sikutaja kitanda kipi, kwa kuwa sikutaka kuingilia ratiba ya Mheshimiwa.

Kamati iliketi katika ukumbi wa mikutano wa Wizara, mashabiki wakajaa hadi madirishani. Mwenyekiti wetu alikuwa mkaguzi mstaafu wa mizani za sokoni, mzee wa haki. Kulikuwa pia na Mwanasheria wa Wizara, kijana mwembamba aliyeogopa mashtaka kama wengine wanavyoogopa nyoka. Nilifungua kwa sala. Nilimwomba Mwenyezi Mungu atujalie hekima katika masuala yote yaliyo mbele yetu, hasa la yai.

Wa kwanza kuitwa alikuwa fundi simu wa mtaa wa pili, msemaji wa mashabiki.

"Mzee Mwenyekiti, tunaomba kujua kitu kimoja tu. Lile tanuri, lilikuwa na moto au halikuwa na moto?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi sioni kitu, mzee. Mimi sili, silali."

"Mbona umenenepa?"

"Ni mawazo hayo, mzee wangu. Yananijaa."

Kabla Mwenyekiti hajaamua, Mwanasheria aliinua mkono. Alieleza kwamba hadithi ni mali ya watengenezaji. Tukilitaja joka lao kwenye waraka, tutashtakiwa. Tukimtaja mfalme wao, tutashtakiwa. Jina la mchezo lenyewe tusilitamke hata tukipiga chafya. Njia salama ni kuandika maazimio kwa ujumla, bila jina la mtu, mnyama wala mahali.

Tukaafiki. Kuhusu yai tukaazimia hivi: "Chochote kilichosahauliwa jikoni kitolewe mara moja." Waraka ukasambazwa, na asubuhi yake jiko la hospitali likatoa nje sufuria ambazo hata wapishi hawakuzitambua. Kuhusu mfalme na kivuli chake tukaazimia: "Mtumishi anayetoka kazini kutafuta kitu chake binafsi ahesabiwe yuko likizo." Kufikia mchana idara tatu za Wizara zilikuwa likizo. Mwenyekiti alifurahi. Alisema hajawahi kuona hadithi za kubuni zikitekelezwa haraka hivyo.

Ndipo akaingia mkunga.

Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, na sare yake na viatu vyake vya mpira. Nilimfahamu kwa sura, maana ndiye aliyekuwa akimpima binti yangu. Nilidhani ana tatizo la mshahara. Lakini alisema yeye naye ni mchezaji wa Taji la Ukungu. Huwa anacheza kwenye simu akiwa ameloweka miguu.

"Nimekuja kwa ajili ya Lango la Kaskazini," alisema.

Ukumbi mzima ukaguna. Fundi simu akashika kichwa. "Dada, usitutoneshe kidonda!"

Mwenyekiti, ambaye hajawahi kucheza mchezo wowote isipokuwa bao, aliomba aelezwe.

"Ni hivi, baba," mkunga alisema. "Mfalme alijenga ngome kaskazini ya kuwahifadhi watu na baridi. Ikaisha. Ina vitanda, ina meko, kuni zimepangwa. Halafu lango likafungwa, na mbele yake ukafungwa uzi wa hariri, kumngoja mwana wa mfalme aje aukate. Mwana wa mfalme yuko kwenye karamu. Watu wako nje kwenye barafu, kina mama na vichanga. Mchezo unaisha wakiwa bado wako nje."

"Na mwana wa mfalme?"

"Yuko kwenye karamu, baba."

Mwenyekiti aliinuka. Miaka yote aliyokuwa akikagua mizani sijawahi kusikia amepaza sauti, lakini siku ile meza ilitikisika. "Mwana wa mfalme gani huyu asiye na haya! Nyumba imekwisha, watu wanakufa mlangoni, yeye anangojewa na uzi?"

"Tulilia pale, mzee," fundi simu alisema. "Mimi nilizima simu nikatoka nje kupunga upepo."

Hata mimi nilitokwa na machozi. Niliwaombea wale watu wa barafuni kimoyomoyo.

"Sasa nani alifungue?" mkunga aliuliza.

"Mwenye ufunguo!"

"Na akiogopa?"

"Yeyote aliye karibu! Andika, Katibu!"

Mwanasheria akaanza kutunga maneno, akakwama. "Uzi wa hariri kisheria ni nini? Hatuna uzi wa hariri katika kanuni zetu."

"Andika utepe," nilisema. Nilifurahi kuwa na mchango.

Mkunga aliniangalia kwa muda mrefu. Nilidhani anavutiwa na mwandiko wangu.

Azimio likasomeka hivi: "Jengo lolote la kuhifadhi watu ambalo limekamilika, na limefungwa kwa kumngoja mkubwa aje kukata utepe, lifunguliwe bila kuchelewa na mtumishi yeyote aliye karibu nalo." Niliweka sahihi. Mheshimiwa Waziri alipopelekewa aliweka ya kwake juu ya yangu, ndani ya gari, likiwa linakata kona. Jioni hiyo alilisoma mwenyewe redioni kwa sauti nzito, akaongeza: "Na atakayezuia lango lisifunguliwe, huyo ni adui wa wananchi." Mashabiki waliandamana mitaani wakimsifu. Inasemekana alijiangalia kwenye kioo cha gari na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku mbili baadaye nilikuwa ofisini nikipanga ajenda ya paka aliyezungumza mara moja tu katika mchezo na hakuzungumza tena. Simu ikalia.

"Baba, chupa imepasuka," mke wangu alisema. "Tuko hospitali. Hakuna kitanda. Hata sakafu imejaa."

Nilifika nikihema. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye kile kivuli, ameshikilia ukuta wa wodi isiyokuwapo, jasho linamtiririka. Mkunga alikuwa mbele ya lango, waraka mkononi, mkasi mfukoni. Mlinzi wa lango alikuwa kando yake na ufunguo.

"Katibu, hii sahihi ni yako?" mkunga aliuliza.

"Ni yangu, chini ya ile ya Mheshimiwa. Lakini dada yangu, huo waraka ni wa mchezo!"

"Nionyeshe palipoandikwa mchezo."

Niliusoma. Nikaurudia. Mwanasheria wetu alikuwa amefanya kazi safi kabisa. Hapakuwa na mchezo, hapakuwa na joka, hapakuwa na kaskazini. Palikuwa na jengo, utepe na mtumishi aliye karibu.

"Mlinzi," nilisema, "wewe unasemaje?"

"Mimi, mzee, nilikuwa nangoja karatasi tu," alisema, na kufuli likafunguka kabla hajamaliza neno.

Ukabaki utepe. Mkunga akanipa mkasi. Nilianza kueleza kwamba ukataji wa utepe una ngazi zake, na kwamba mtu wa cheo changu hukata tu utepe wa vyoo.

"Baba!" binti yangu alipiga ukelele.

"Kata, mwanamume!" mama yake akasema. "Au unataka mjukuu wako azaliwe kwenye ajenda?"

Nilisema, "Kwa jina la Mungu," nikakata. Haukuwa mgumu. Ulikuwa umeoza kwa jua, na nusu yake ilikatika yenyewe. Kina mama waliokuwa wamelala chini waliinuka na mabunda yao, wakapita kando yangu wakiingia. Mmoja alinikanyaga na hakuomba radhi. Mkasi ulirudi kwa mkunga, ukachemshwa, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umekata kitovu. Ni mtoto wa kike. Analia kwa sauti ya mtu mwenye madai. Nilikwenda nje ya jengo, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikashukuru bila utaratibu wowote.

Kesho yake Mheshimiwa Waziri alikuja. Alikuja na magari, bendi ya tarumbeta na utepe mpya. Fundi simu na mashabiki wenzake walikuwa wameshajaa uwanjani, wamekuja kuliona kwa macho lango lililofunguliwa kwa ajili yao. Mheshimiwa alipoona lango liko wazi na nepi zimeanikwa dirishani, aliniita pembeni.

"Lifungwe," alinong'ona, "ili nilifungue."

"Mheshimiwa, kila kitanda kina mtu."

"Watoke kidogo. Dakika chache tu, kwa ajili ya picha."

Nilimkumbusha, kwa unyenyekevu, alichosema mwenyewe redioni kuhusu atakayezuia lango. Mheshimiwa akarekebisha koti, akaenda mlangoni kuingia hivyohivyo. Mkunga alisimama katikati ya mlango.

"Sasa hivi wananyonyesha. Wageni ni saa kumi."

"Unajua mimi ni nani?"

"Una mgonjwa humu ndani?"

"Sina."

"Basi hata hiyo saa kumi huingii."

Mheshimiwa aliwageukia walinzi wake. Walinzi walimwangalia mkunga. Mmoja wao alizaliwa mikononi mwake, na alivua kofia. Bendi, ambayo ilikuwa imeambiwa ipige lango likifunguliwa, iliona liko wazi, ikapiga. Ndani, vichanga vyote vikaamka kwa pamoja, na mkunga akafunga mlango.

Mheshimiwa Waziri akaketi kwenye benchi la nje, utepe mpya mapajani. Nikaona ni wajibu wangu kama Katibu kuliweka jambo sawa. Niliwauliza mashabiki kama wana swali lolote lililobaki kuhusu Lango la Kaskazini, au tulifunge suala hili rasmi.

Fundi simu alinyoosha mkono.

"Moja tu, mzee. Lile ambalo wote tulikuwa tunaingojea sehemu ya pili itujibu. Siku mwana wa mfalme atakapofika langoni, akute watu wameshaingia bila yeye, atafanya nini?"

Tukageuka, sote kwa heshima, tukamtazama Mheshimiwa.